Lori Lililoacha Kukohoa

Baba Kikohozi hakuitwa hivyo kwa ugonjwa. Kifua chake kilikuwa kizima kama ngoma mpya. Lililokohoa ni lori lake kuukuu la petroli. Likiwa bado konani, mtaa mzima ulishajua anakuja, na wasengenyaji walipata nafasi ya kubadili mazungumzo.

Kisha fundi, swahiba wake tangu wakichezea matope, akamtia maneno. "Kaka, petroli itakumaliza. Tulitie gesi." Akafunga mtungi nyuma ya kichwa cha lori, akakaza mipira ya gesi, akapaka povu la sabuni kila kiungo. "Gesi ikivuja, povu litavimba. Unaona kitu? Hapa hata mama yangu mzazi namlaza!"

Lori likapona, likaunguruma kama paka aliyeshiba. Baba Kikohozi akatamba mpaka akakera. Hata mimi ningetamba, na kwa kutamba hanifikii.

Lakini wateja wakaanza kumkwepa. Muuza mbao kwanza, halafu mwenye kinu. Akabaki na mama wa magodoro tu. Nyumba yake nzima ikala kwa magodoro hayo. Akamlilia fundi. Fundi akampigapiga bega: "Ni mkosi tu, kaka. Utapita."

Asubuhi moja akaingia uani kwa mama kupakia. Lori halikumbishia hodi kama zamani. Akazima, akashuka, na nyuma ya rundo la magodoro akasikia sauti anayoijua kuliko ya mkewe.

"Mama, nakutakia mema. Lile ni bomu lenye magurudumu. Cheche moja, sponji yote majivu. Mpe kazi mdogo wangu, lori lake la petroli."

"Si wewe uliyelifungia hiyo gesi?"

"Ndiyo maana najua!"

Baba Kikohozi hakutukana. Alikoroga sabuni kwenye ndoo, akaiweka miguuni pa fundi. "Paka, ndugu yangu. Mwonyeshe mama linapovuja."

Fundi akaitazama ndoo kama ina nyoka. "Aa, kaka, nilikuwa natania..."

"Paka."

Hakupaka. Mama akakunja mikono ya gauni, akapaka mwenyewe, kiungo baada ya kiungo. Povu halikuvimba popote. Akawageukia wapakiaji: "Mnangoja nini? Pakieni!"

Lori lilipojaa, fundi, kwa mazoea ya miaka, akashika kitasa cha mlango wa abiria. Baba Kikohozi, tayari kwenye usukani, akainama, akaufunga kwa ndani.

"Bomu hulipandi, kaka."

Kazi ilibaki yake. Lakini njiani, kiti cha pembeni kitupu, injini ikiimba vizuri, alitamani jambo moja tu: laiti lingekohoa pale konani asubuhi ile, hata mara moja, asingeyasikia maneno ya swahiba wake.