Bangili ya Tshenolo Mkononi mwa Mama Yake

Nusu ya mageti ya mtaa wetu hapa Kanye aliyachomelea Tshenolo. Alikuwa fundi hodari, na alikuwa mlevi. Yote mawili kila mtu aliyajua. Siku alipoanguka kutoka kwenye ngazi akiwa amelewa na kuvunjika mbavu, aliogopa, akakubali kujiunga na mpango wa kliniki. Wakamvisha bangili nyeusi ya kupima usingizi na mapigo ya moyo, nayo ikawa inapeleka habari kwenye simu ya nesi, Mma Gorata. Kwetu mwanamke huitwa Mma kwa heshima, na mwanamume Rra. Pombe ikirudi, usingizi huvurugika, na nesi anaona mapema.

Alijikaza miezi kadhaa. Halafu rafiki yake mmoja akaoa, watu wakasherehekea, naye akaonja. Baada ya kuonja hakutaka nesi ajue. Akamwendea mama yake, Mma Tshenolo, mjane aliyeishi naye.

"Mama, vaa hii. Inapima presha."

"Kliniki wamenikumbuka mimi?"

"Wamekukumbuka. Usiivue hata ukioga."

Mama akaivaa kwa maringo. Kanisani alikunja mkono wa sweta makusudi ili tuione. Nilipomuuliza kama haimbani, alinijibu, "Wivu tu huo, kwa kuwa huna yako."

Tshenolo akarudia pombe ya mtama bila wasiwasi, mpaka Mma Gorata alipomwita.

"Kaa, Rra. Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu, Mma. Niko salama kabisa."

"Salama gani? Hulali. Ukisinzia kidogo unashtuka, unazunguka mpaka kunakucha. Moyo unadunda kama wa mtu anayekimbizwa."

Tshenolo akaangua kicheko. "Mimi? Nalala kama gunia, Mma! Mashine yenu imeharibika."

"Hebu nyoosha mkono niione."

Mkono ulikuwa mtupu. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kaivaa nani?"

"Mama."

Tulijua Mma Gorata ana ulimi mkali, lakini siku hiyo hakumgombeza. "Bangili hainiambii sababu," alisema. "Nenda kamuulize mama yako kwa nini halali."

Alimkuta ameketi juani, anachambua mboga. Mwanzoni mama alikana: uzee tu, miguu tu. Tshenolo akakaa chini kando yake, hakuondoka. Mwishowe akaambiwa.

Baba yake Tshenolo alikuwa amekufa kwa baridi majira ya kipupwe, njiani akitoka kunywa. Watu ndio waliomleta nyumbani.

"Geti likilia," mama alisema, "nasikiliza kama ni miguu yako au ya watu waliokubeba. Nimechoka, mwanangu. Hata chakula sikioni ladha. Kuna siku najiuliza naamka ili iweje."

Hapo Tshenolo akamweleza ukweli kuhusu ile bangili.

"Kumbe ulinitia alama kama ng'ombe wako!" mama akafoka, akaivua na kumtupia mapajani. "Na mimi nikaringa nayo mbele ya kanisa zima!" Akalia, na katikati ya kilio akacheka kidogo, kisha akalia tena.

Walikwenda kliniki pamoja. Daktari alisema huzuni ya mama ilikuwa imegeuka ugonjwa, na ugonjwa huo una tiba. Akapewa dawa, na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Walipotaka kumpa bangili yake mwenyewe, alikataa. "Niulizeni tu. Mdomo ninao."

Tshenolo alivaa yake tena. Kipupwe kilichofuata aliirudia pombe siku moja, akalewa chakari. Lakini safari hii alimpigia nesi yeye mwenyewe, kabla hajaitwa. Hasemi kwamba amepona. Husema leo hajanywa.

Juzi nilipita kwao kumchukua mama twende kwenye mazoezi ya kwaya. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikabisha hodi kwa sauti yangu hii kubwa, Tshenolo akatoka mbio, kidole mdomoni.

"Taratibu, Mma," akaninong'oneza. "Bado amelala."