Alama Nyekundu Juu ya Nati

Siku yangu ya kwanza kazini sikukaza hata nati moja. Fundi Mkuu wa karakana ya shamba la mkonge, huko upande wa Mwera, alinikabidhi spana akanipeleka kwenye mashine iliyokwisha kufungwa. "Hii imekazwa?" akaniuliza. Nikasema imekazwa, maana mafundi wawili walikuwa wametoka kuikaza mbele ya macho yangu. Akanitazama kwa huruma. "Umejuaje? Nati usiyoikaza mwenyewe, hesabu imelegea." Maneno hayo yaliniingia kupita kiasi. Mke wangu husema tangu hapo simwamini hata anayenipimia sukari dukani, na hasemi uongo.

Kazi yangu ilikuwa kwenye korona, mashine kubwa inayochakata majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Korona hutikisika kutwa nzima, na kila kitu kinachotikisika hutafuta njia ya kufunguka. Boliti mnaijua, ina kichwa. Studi haina kichwa; ina meno pande zote mbili, upande mmoja umepandwa kwenye chuma cha mashine, mwingine unapokea nati. Studi iliyoshika kutu tuliilowesha dizeli usiku kucha, asubuhi tukafunga nati mbili juu yake zibanane, kisha tukazungusha ile ya chini mpaka studi ikatoka nzima. Kukaza nako kuna utaratibu: unakaza kidogo hii, unahamia inayotazamana nayo, unarudi, mpaka zote zishike sawasawa. Anayemaliza moja kwanza ndipo aende nyingine huyo anaharibu mashine.

Nikishakaza nilikuwa na desturi yangu. Nilipiga mstari mwembamba wa rangi nyekundu kutoka ncha ya studi, ukashuka juu ya nati mpaka kwenye chuma. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na mimi ninajua. Rangi ile niliifungia kabatini, ufunguo nikautia kamba nikauvaa shingoni. Wenzangu walinicheka, wakidai nimevaa hirizi.

Mwaka mmoja tulifungua korona yote kwa usafi. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula chuma vibaya, hasa chini ya nyumba za beringi, yaani yale makasha yanayoshika ekseli ya pipa la visu. Nikatoa studi zote, nikapanda mpya. Nikamwita mpaka rangi wetu, Sefu, mtu wa Kigombe, mpole, mwenye watoto watatu. Nikamwambia apake mikono miwili ya rangi nzito, mpaka chini ya nati kwenyewe.

"Bwana fundi," akasema, "rangi ni kitu laini. Nati si itakalia rangi badala ya chuma?"

"Wewe paka. Tangu lini mpaka rangi akamfundisha fundi?"

Akapaka. Nikafunga, nikakaza kwa utaratibu, nikapiga mistari yangu.

Wiki ya tatu korona ilianza kuunguruma, kisha ikaruka. Wanawake wanne waliokuwa wanalisha majani walikimbia, na bahati tu ndiyo iliyowaokoa. Tulipozima nikazishika nati za nyumba moja ya beringi kwa vidole: zote nne zinacheza. Lakini mistari yangu ilikuwa imenyooka vilevile. Nati zimelegea na alama haijakatika! Nikaona jambo moja tu: kuna mtu amezifungua, kisha akaipiga alama upya. Na nani mwenye rangi yake, brashi na mkono wa kunyoosha mstari?

Nikampelekea Meneja wa Kiwanda jina la Sefu, naye akamwita mbele ya wafanyakazi wote. "Wallahi sikuzigusa mie," Sefu akasema. Akanigeukia. "Fundi, mie nilikwambia kuhusu ile rangi." Nikajibu kwamba anajitafutia kisingizio. Akafukuzwa mchana uleule, na Kigombe nzima ikapata habari kwamba Sefu alitaka kuua wanawake. Mimi nilikwenda kula kwa moyo mkunjufu. Nyumba ya beringi niliifunga upya, na safari hiyo, kwa kuwa rangi ilikuwa imebanduka na hapakuwa na mpaka rangi wa kuirudishia, nilifunga chuma kwa chuma. Haikulegea tena. Nikaona ni ushahidi dhidi yake.

Miaka mingi baadaye nilihamia karakana moja mjini Tanga, chini ya Injinia, binti wa umri wa wanangu. Siku moja alinikuta nataka kufunga pampu juu ya rangi mbichi. "Shikamoo, mzee. Ikwangue hiyo rangi kwanza. Itabonyea chini ya nati, mkazo wote utapotea, na nati yenyewe haitazunguka hata nukta."

Sikumwamini, bila shaka. Nilichukua vipande viwili vya chuma, kimoja nikakipaka rangi nzito, nikavifunga kwenye jenereta na kuvipigia mistari. Siku ya kumi na tano nati ya kwenye rangi niliifungua kwa vidole viwili. Mstari ulikuwa umenyooka. Nilikaa juu ya sanduku la spana nikaona haya ambayo sijapata kuona maishani.

Hata hivyo nilingoja mpaka nikastaafu ndipo nikaenda Kigombe. Huo ni woga, nausema wazi. Sefu alinipokea vizuri, binti yake akaleta kahawa. Nilipomaliza kueleza, akatua kikombe chini.

"Mie nilijua siku ileile. Wanangu wamekua wakiitwa watoto wa mfungua nati. Umenichafua mbele za watu, fundi. Nisafishe mbele za watu."

Ijumaa ile, baada ya sala, niliomba ruhusa nikasimama msikitini. Nilisema yote: rangi, amri yangu, onyo lake, uongo wangu. Sefu alikuwa safu ya pili, ameinamisha kichwa.

Nje, nikivaa viatu, mzee mmoja alinishika mkono akanivuta kando. Akaangalia huku na huku.

"Hebu niambie kweli," akaninong'oneza. "Sefu kakupa nini?"