Kamba ya Sanduku la Klarineti

Baba alipofariki aliniachia klarineti isiyo na kile kibano cha kushikia mwanzi, yaani ule ulimi mwembamba unaotetemeka na kutoa sauti. Sanduku lake bovu lilifungwa kwa kamba nyeusi. Nilikuja nalo Kasulu nilipopangiwa kufundisha, nikajiunga na bendi ya kanisa. Kibano nilikipata duka la vifaa vya ujenzi: kile cha chuma cha kubania mpira wa maji.

Nilikikaza kwa bisibisi kwa nguvu. Sauti za chini zilichelewa kutoka, za juu zikapiga yowe. Kila yowe nikakaza zaidi. Mimi kichwa kigumu, najijua.

Kiongozi wa bendi, fundi cherehani mpole, alinivumilia mwaka mzima. Kisha akasema, "Mwalimu, Jumapili ikilia tena hivyo, ibaki nyumbani. Utashika ngoma."

Iliniuma. Baba nilimjua zaidi kwa klarineti ile kuliko kwa maneno, na sauti yake nilikuwa siipati. Nilimkasirikia marehemu kwa kunirithisha kitu kibovu bila hata maelezo.

Jumamosi ilikuja kwaya ya wageni kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mzee mmoja Mkongomani, aliyewahi kupiga klarineti kwao, alinisikia nikijiandaa nyuma ya kanisa.

"Mwalimu, uko naikaba. Njo maana inalia vile."

Akafungua kile chuma. Mwanzi ulikuwa umepinda, una makovu mawili. Akaweka mpya niliokuwa nao sandukuni, akaangaza huku na huku, akaokota kamba ya sanduku. Akauzungushia mwanzi pamoja na mdomo wa klarineti kuanzia chini, akikaza. Kule juu, mwanzi unapoanza kuwa mwembamba, akailegeza. Kamba ikatosha kamili, haikubaki ncha.

Nikapuliza sauti ya chini kabisa. Ikatoka papo hapo, nene, haina mkwaruzo.

"Nani alikupatia hii kamba?"

"Ni ya kufungia sanduku tu, mzee."

Akacheka, akanigusisha ile kamba. Ilinata kidogo. "Imepakwa nta. Sanduku haina kazi na nta. Mwenye hii alijua kazi."

Jumapili nilipiga wimbo mzima, ngoma ikabaki na mwenyewe. Sanduku sasa halifungiki, nalibeba nimelikumbatia. Mwaka mzima niliifungua kamba ile kila wiki, nikaitupa kando, kisha nikakaa kumlaumu baba kwamba hakuniachia kitu.