Zima na Nzima

Mimi sina subira, na sikuwahi kuwa nayo hata nilipokuwa msichana. Siku injini ya pikapu yangu iliponoki na kukwama kwenye mwinuko wa kutoka Bangwe, nikiwa na magunia ya dagaa nyuma, nilitukana mpaka mama mkwe, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaziba masikio. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Lile gari ndilo lililobaki kutulisha.

Ilikuwa miaka ile Warundi wakivuka mpaka, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi mpaka Kagunga na huku kwetu. Kila uliyekutana naye alikuwa na habari ya enzi zake kwao: huyu mwalimu, yule mwenye ng'ombe hawahesabiki. Sisi watu wa Ujiji, Mungu atusamehe, tulikuwa tukicheka pembeni. Basi akaja mmoja, mrefu, mikono mitupu, akasimama mlangoni akasema kwao alikuwa fundi wa injini.

"Haya," mama mkwe akaninong'oneza. "Leo fundi, kesho rubani."

Nikampa kazi, maana sikuwa na mwingine. Kila asubuhi nilimsalimia, "Mzima, fundi?" Watu wote hujibu mzima, hata mwenye homa. Yeye alijibu, "Nipo, mama." Ikanikera. Nikamwambia nipo si jibu, hata jiwe lipo. Akainama tu, akaendelea kusugua pistoni. Nilisikia kwa wenzake waliofikia mtaa wa Rusimbi kwamba alivuka peke yake, na waliokuwa wavuke naye hawakuvuka. Mwenyewe hakuwahi kulitaja.

Beringi mpya zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, na seti nyingine haikuwepo popote. Asubuhi ya kuwasha, alinawa mikono mpaka viwiko, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hii ikikataa, mama, mimi sishiki spana tena."

Tulilisukuma gari nje ya banda, moshi usije ukatumaliza. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akavuta hendibreki, akahakikisha gia iko huru, akasogeza ndoo ya mchanga kwa hofu ya moto. Akajaza maji, akamimina oili, akapima, akapima tena. Mama mkwe akashindwa kunyamaza.

"Tieni na mawese kidogo basi, ikolee!"

"Ewe mama, hii si maharage," nikamwambia.

Mama mkwe alipoinama kuchungulia, fundi alisimamisha kila kitu mpaka alipofunga pindo za khanga yake kiunoni na kurudi nyuma. Feni haina adabu, alisema.

Kisha akatoa plagi zote na kukata umeme wake, akaniambia nizungushe swichi. Injini iliyofungwa upya, alinieleza, yaweza kufa ikiwaka tu, kama oili haijaifikia. Basi ikazunguka bila moto, ikihema hee, hee, na taa nyekundu ya oili ikinikodolea jicho. Nikazungusha, nikapumzisha betri, nikazungusha. Taa ikazimika.

"Imekunywa," akasema.

Akarudisha plagi. "Sasa ikiwaka usiiachie inong'one. Kanyaga kiasi, izungumze. Nikisema zima, zima hapo hapo, usiulize."

Nikasema bismillahi, nikazungusha. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikawaka. Niliisikia kwenye magoti, niliisikia kwenye meno. Vyuma vile nilivyovijua vimelala juu ya mkeka wangu, vya baridi, nimeviruka mara ngapi nikienda jikoni, vikawa kitu kimoja chenye pumzi. Subhanallah! Nimezaa mara tatu, na mwili ulinisisimka vile vile.

Fundi alikuwa ameinamia injini, sikio karibu na chuma. Ghafla akainuka, uso umelowa, akapiga kelele, "Zima! Zima!"

Nikazima.

Kimya kile sitaki kukikumbuka. Nikashuka mbio. "Imekufa?"

Akanitazama. "Mbona umezima?"

"Si umesema zima!"

"Nimesema nzima! Ni nzima, mama! Moteri ni nzima!"

"Ewe mwanaume! Maneno yote ya duniani, hukuona jingine?"

Mama mkwe akakaa chini mchangani, hoi kwa kicheko. Fundi naye akacheka, mara ya kwanza tangu aingie uani kwangu, akacheka mpaka akajishikiza kwenye bodi ya gari. Kisha nikaona hacheki tena. Tukamwacha. Alipomaliza alijifuta uso kwa kiwiko, akaniashiria nirudi kwenye usukani.

Ikawaka mara moja, bila kukohoa. Nikakanyaga kiasi kama alivyosema. Yeye akazunguka akipapasa kila kiungo, akitafuta tone la oili au maji, hakuna. Mimi na mdomo wangu nikashindwa kuvumilia. Nikatoa kichwa dirishani nikapaza sauti juu ya mngurumo.

"Na wewe je, fundi? Mzima?"

Hakuinua kichwa. Kiganja chake kilikuwa juu ya injini.

"Ndi muzima, mama," akajibu, kwa lugha ya kwao.

Nikaendelea kukanyaga, maana alisema nisiiachie.