Mche wa Dawati la Nyuma

Nyumbani walimwita Kiredio kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini wiki ile redio ilikata mawimbi kabisa.

"Leo betri zimeisha?" kaka yake alimtania mezani.

"Niache mie!"

Kilichomnyamazisha kilikuwa ndani ya simu ya mama. Mama yake alikuwa mwalimu wa sayansi, darasa la tano, na muhula huo aliwapa wanafunzi wake arobaini kazi ya kuotesha maharage kwenye pamba yenye maji. Kila jioni picha za miche zilipakiwa kwenye albamu ya darasa mtandaoni, naye mama akiandika neno chini ya kila picha. Kila moja! *Mizizi imeshika, mwanangu. Hilo jani la kwanza, safi sana! Usogeze dirishani, kipenzi, unatafuta mwanga.*

Mwanangu! Kipenzi! Kiredio alihisi kama kamwagiwa ndimu kwenye kidonda.

Maana familia nayo ilikuwa na albamu yake, aliyoifungua mama mwenyewe ili shangazi aliye mbali aone watoto wanavyokua. Humo Kiredio aliweka picha yake akiwa na medali ya mbio, meno yote nje. Shangazi aliibandikia mioyo mitatu siku hiyo hiyo. Mama alikaa siku tisa, halafu akaandika: *Imepokelewa. Andika tarehe.*

Andika tarehe! Kwani medali ilikuwa zoezi la nyumbani?

Basi akajikaza kisabuni, akapanga lake. Neno la siri la albamu ya darasa lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa friji. Akaotesha harage kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akakificha dirishani bafuni nyuma ya ndoo. Siku ya sita akaazima simu ya kaka, akapiga picha, akajiandikisha kwa jina la Dawati la Nyuma, akaipakia. Kisha akajitupa kitandani kusubiri.

Jikoni, mama alikuwa na rundo la madaftari na simu yake. Akacheka peke yake. Jibu likaingia: *Hongera mwanangu! Mche wako una afya kuliko yote. Nani anakusaidia nyumbani?*

Kiredio alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Halafu, ghafla, akamwonea wivu huyo Dawati la Nyuma. Siku moja tu kaingia, tayari kapewa yote! Akaandika kwa hasira: *Hakuna. Mama ana kazi nyingi.*

Kule jikoni mama aliivuta ile picha ikawa kubwa. Pembeni pakaonekana ukingo wa ndoo ya buluu na pazia lenye maua, alilolishona kwa mkono wake.

Kiti kikakwaruza sakafu. Nyayo zikaelekea bafuni, kisha zikaja chumbani. Mama alisimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Dawati la Nyuma ndiye wewe?"

"Si wewe uliyesema mche wangu una afya kuliko yote?"

Mama hakucheka. Akaketi kitandani, akafungua albamu ya familia, akafuta yale maneno yake ya kizembe. Kidole kikabaki hewani.

"Niandike nini, mama'angu?" akamuuliza Kiredio.

"Mimi ndiye mwalimu?"

Mama akaandika polepole: *Mwanangu, sikuja kukuona ukikimbia. Nisamehe.*

Kiredio alisoma mara mbili. Mara simu ikalia: mche mwingine wa darasani. Kiredio akautupia jicho baya, la kutaka kuung'oa na mizizi. Mama akaona. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya shuka.

"Haya, nipe habari za mbio. Kona ya kwanza ulikuwa wa ngapi?"

"Wa nne! Sikiliza, mama, mbele yangu kulikuwa na msichana mmoja mrefu huyo, miguu kama ya korongo..."

"Mmh! Redio imerudi hewani!" kaka alipiga kelele kutoka sebuleni.

"Halafu?" mama akamuuliza Kiredio.