Wi-Fi ya nyumba ya nyuma: mchana inapiga kazi, jioni inakufa

Wakuu, heshima kwenu wote humu. Hili limenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na nikilikumbuka bado nasaga meno.

Naishi Butembo. Vita ilipofukuza watu vijijini upande wa Beni, mama mkwe alikuja kwetu, tukampa nyumba ndogo ya nyuma. Mwanawe Paluku, shemeji yangu, alibaki Beni mjini. Ni muuguzi. Kila jioni akiingia zamu anapata Wi-Fi ya kazini, ndipo anampigia mama yake WhatsApp.

Basi nikavuta cable mita thelathini chini ya ardhi. Mke wangu akaweka router ya pili chumbani kwa mama, mimi nikielekeza kutoka dirishani. Kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe wake, na yeye haji kukaa sebuleni kwangu.

Siku mbili za kwanza, safi. Siku ya tatu jioni, kimya.

Asubuhi nasimama uani na laptop, signal full. Jioni hakuna kitu.

Nikabadilisha vichwa vya cable. Asubuhi ipo, jioni hakuna. Nikafukua cable yote nikalaza mpya, matope mpaka magotini. Hakuna! Nikalaumu betri ya sola, nikaleta nyingine. Hakuna!

Na cha kuudhi zaidi, nikiiping ile router kutoka nyumba kubwa kupitia cable, inajibu vizuri kabisa. Nilitamani kuitupa mtoni.

Wakati huo mama ameanza kukataa chakula. Mke wangu alikuwa anakimbia na simu nyumba kubwa, Paluku anarekodi sauti, naye anampelekea mama. Mama anasikiliza, anatikisa kichwa.

"Hiyo sauti ni ya zamani. Paluku alikufa, lakini munanificha."

Msimcheke, wakuu. Huku mtu hufichwa msiba hata siku kadhaa, na yeye anajua.

Kila jioni mimi niko nje ya dirisha: "Mama, taa ya ile mashini iko inawaka?"

"Iko inawaka, mutoto yangu."

Wiki mbili! Mwisho nikamwambia mke wangu aingie, anihesabie taa moja moja.

Akaingia, akajibu: "Taa hapana. Niko naona sufuria tu."

Router juu ya sinia, sufuria imefunikwa juu yake kama ugali unaomsubiri mgeni. Signal itapita wapi? Tangu ile siku ya tatu, giza likianza mama anafunika, asubuhi anafunua. Mke wangu alikuwa anaiona kila jioni, akadhani ni chombo tu. Na taa kweli ilikuwa inawaka, humo ndani!

Nilipandwa na hasira, maneno yalikuwa mdomoni. Mke wangu akaniwahi, akamuuliza mama kwa nini.

"Kule kwetu, nyumba yenye batu ba bunduki baliona taa usiku, njo balianza nayo kuua. Niko nabachunga, ninyi na batoto."

Hasira ikaisha palepale dirishani. Niliona aibu, wakuu.

Nikampa mke wangu tepu nyeusi, akaziba kila kitaa. Mama akazima taa ya chumba, akakagua mwenyewe, akakubali sufuria iondoke.

Simu ikaita. Mama hakumsalimia.

"Paluku, kohoa."

Akakohoa.

"Tena."

Akakohoa tena. Mama akacheka huku analia, kisha akamwambia mke wangu amletee chakula.

Somo nililopata: nilipima kila kifaa, lakini sikumuuliza mwenye kukitumia anaogopa nini. Mafundi, nisemeni mnavyotaka hapo chini, nimestahili. Ila kama kuna anayejua router isiyo na taa hata moja, aitaje. Tepu mama anaikagua kila jioni kabla ya simu, kitaa kwa kitaa.