Mkwe Aliyesema Ngoja

Hamtaniamini, nami sina haja ya kuwabembeleza. Shule niliishia darasa la nne, la tano nililichungulia dirishani, lakini kusema kweli hakuhitaji cheti. Basi shikeni hili kwanza: hapa Mokowe, mwaka wa sitini na mbili, palikuwa na mtu aliyemwambia baba mkwe wake angoje, mkono wa mzee ukiwa umeshanyooshwa, na kwa kosa hilo hilo akarudishiwa mke.

Mtu mwenyewe ni Hamdun. Alizaliwa Kiwayu, akavuka kuja bara kijana mbichi, akapata kazi ya kumchukulia bunduki mpima ardhi mmoja. Misimu mitatu kazi yake ilikuwa kutembea na bunduki tu, kupiga walipiga wengine. Ilikuwa ya kuwindia, ya risasi moja moja. Ukitaka kupiga, sharti uvute nyuma chuma cha ubavuni, kisha ukisukume mbele, ndipo risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, kisanduku cha risasi kilicho chini yake, na kuingia chumbani mwake, nyuma ya mtutu. Chuma hicho Hamdun alikiita komeo, kwa kuwa hufungwa na kufunguliwa kama komeo la mlango, na sisi sote tukamfuata.

Alikuwa akipokezana na Ridhwani, mchukuzi mwenzake. Siku moja Ridhwani akatangulia, bunduki ameilaza begani kama kafi, mdomo wake unamtazama Hamdun aliye nyuma, na risasi imo chumbani. Kijiti cha kichakani kikanasa pale pa kufyatulia. Risasi iliingia kofia ya Hamdun kwa mbele ikatokea kwa nyuma, na kichwa hakikupata habari. Kofia hiyo nimeitia kidole changu mwenyewe, hiki hapa.

Tangu hapo Hamdun akawa na masharti kumshinda mganga. Mdomo wa bunduki usimtazame mtu, awe macho au amelala. Ukitembea, chumba kiwe kitupu na kidole kikae mbali. Na kabla ya kuvuka ua au kumpa mtu mkono, fungua komeo utazame ndani, hata kama una hakika. Hasa kama una hakika, alikuwa akituambia, na sisi tukimcheka. Ilifika hadi akibeba mchi wa kinu, ncha yake haimtazami hata paka. Wakamwita Bwana Komeo, akaitika.

Alipoacha kazi alilima shamba huku Mokowe na kumwoa Umulkheir, binti wa Bwana Jeilani wa Amu, kisiwani Lamu, mzee wa nyumba ya mawe na adabu za mawe. Wakakaa vizuri, mpaka zilipokuja zile mvua za sitini na moja. Baada ya gharika pori likasongea mashamba, na nguruwe mwitu wakaja nalo. Umulkheir alipiga debe kuwafukuza hadi viganja vikachubuka. Nguruwe walizoea debe, wakawa wanakula mahindi kwa mdundo. Msimu wa pili ulipokwenda vivyo hivyo, Bwana Jeilani akamchukua binti yake. Alisema hakumwoza ili awe mlinzi wa nguruwe. Ikapita miezi minne. Kisha ikaja habari kwamba mzee mwenyewe atavuka kuja kumuuliza Hamdun neno moja: ana njia ya kumlisha mke, au aandike talaka?

Njia ilikuwa moja tu. Ofisi ya wanyama wa pori ilikuwa tayari kuwaazima wakulima wa Mokowe bunduki moja ya kulinda mashamba, nayo angekabidhiwa yule ambaye Rufus angemridhia. Rufus alikuwa sajini wa askari wa wanyama, mtu wa bara, Mkristo wa maneno machache. Alisema kupiga nguruwe hata kipofu hubahatisha. Yeye alitaka kuona mtu anavyobeba. Hamdun atembee na bunduki kutoka Mokowe hadi shambani na kurudi, naye nyuma akitazama.

Wakaondoka asubuhi, Hamdun mbele, mdomo wa bunduki mbele zaidi, risasi nne chini na chumba kitupu. Kwenye ua wa miba wa shamba alifungua komeo, akatoa risasi zote, akaipenyeza bunduki chini ya ua mdomo ukielekea porini, ndipo naye akavuka. Ng'ambo akazirudisha risasi, akazikandamiza chini kwa kidole gumba, akafunga komeo juu yake. Rufus aliitikia kwa kichwa mara moja, na kwa Rufus hiyo ni sifa.

Wakati wa kurudi kichaka kikatikisika mkono wa kushoto. Kitu kizito. Rufus akanong'ona, nyati. Hamdun akasimama, akavuta komeo, akalisukuma mbele, akainua bunduki. Wakatoka kanga sita wakikimbia na kulalamika kama wapangaji waliofukuzwa. Rufus, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alicheka hadi akajifuta macho. Hamdun naye akacheka, akashusha bunduki, wakaendelea. Moyoni alishaanza kumwona Umulkheir jikoni.

Walipopinda kona, huyo Bwana Jeilani anakuja juu ya punda, kanzu nyeupe, mwavuli umefunguliwa. Akasimamisha punda. Akanyoosha mkono.

Sasa mnajua mkwe afanyavyo. Huupokea mkono ule kwa mikono miwili, akainama, akaubusu. Na ili mikono iwe mitupu, bunduki hutundikwa begani kwa mkanda wake, mdomo juu. Ni jambo la kawaida. Lakini mtu akiinama, na bunduki huinama naye, na mdomo humwelekea yule anayepewa heshima.

Hamdun hakuinama. Alimgeuzia mzee ubavu, karibu mgongo, akauelekeza mdomo wa bunduki kichakani.

"Hamdun," mzee akasema, "mkono wangu huuoni?"

"Nauona, baba. Ngoja."

Rufus mwenyewe, mtu wa bara, alijua hapo pameharibika. Hamdun akavuta komeo. Alikuwa na hakika chumba ni kitupu, na kwa hakika hiyo akatazama. Risasi ikaruka nje, nzima, inang'aa, ikatua mchangani mbele ya kwato za punda.

Ilikuwa ile ya kanga. Kicheko kilimsahaulisha kuitoa.

Mchanga wa pale ni mwingi. Mguu mmoja ungetosha kuizika, na Rufus alikuwa nyuma. Hamdun aliitazama risasi, akamtazama mzee aliyekuja na neno la talaka. Kisha akainama, akaiokota, akampelekea sajini.

"Ilikuwa ndani. Nimeisahau tangu kule kwa kanga."

Rufus akaipokea, akaitia mfukoni. Aliyeuliza ni Bwana Jeilani, kwa sauti ya chini.

"Na lau ungeinama kunibusu mkono, mdomo wa bunduki ungekuwa wapi?"

Hamdun akaonyesha kwa kidole, kwa adabu zote, kifungo cha pili cha kanzu.

Mzee akakishika kifungo kile. Halafu akafunga mwavuli, akateremka kwenye punda, jambo asilolifanya kwa wakwe.

"Mkono wangu uko hapa," akasema. "Maliza kazi yako kwanza."

Hamdun akatoa risasi zilizobaki, akatia kidole chumbani kuhakikisha, akaiegemeza bunduki kwenye panda ya mti, ndipo akabusu mkono ule kwa mikono miwili. Akajitenga kando ampishe mzee apite mbele, maana njia ni ya mtu mmoja mmoja na mkwe hatangulii. Bwana Jeilani akakataa kwa Kiamu chake, macho yakiwa mato na njia ikiwa ndia.

"Tangulia mbee. Nataka mato yangu yaione hiyo bunduki inatazama wapi, ndia nzima."

Hivyo ndivyo walivyoingia Mokowe, mkwe mbele na komeo wazi, baba mkwe nyuma akivuta punda. Pale gatini watu walishika midomo. Rufus alisema mambo mawili ameyaona, la kusahau na la kutazama, kwa hiyo Hamdun atatembea tena kesho. Kesho yake akatembea, safari hii bila kucheka, na bunduki akapewa. Nguruwe wa kwanza alianguka wiki ile ile. Hamdun hakumgusa, alimwonyesha Rufus mahali kwa kidole, na Rufus akala vizuri. Mahindi yalipofika kiunoni habari zikavuka maji, na Umulkheir akarudi kwa mumewe kwa mashua tatu, vyombo vimebebwa na punda saba, zumari mbele, vigelegele kutoka gatini mpaka shambani, na Bwana Jeilani amevaa joho la—

"Kapu moja," asema Hamdun, aliyekaa hapa nikimsomea haya tangu mwanzo. "Kapu moja na jembe. Na hilo zumari lilipigwa na nani, wewe?"